Apple wakitoa mashine ya gemu, watashinda?

Shekhe, umeuliza kama Apple wakileta mashine ya gemu ya kuunga kwenye tivii watawapiku Sony wenye PlayStation. Pesa wanazo, ila pesa peke yake haitoshi. Walishajaribu mwaka 1996 na mashine iitwayo Pippin, pamoja na kampuni ya Bandai ya Japani. Marekani iliuzwa dola 599, gemu zenyewe chache, ikafa upesi. Google nao walileta huduma ya gemu ya Stadia 2019, kila kitu kupitia intaneti, wakaifunga Januari 2023. Aliyefaulu ni Microsoft: Xbox ya 2001 ilitoka na gemu ya Halo siku ile ile, na wao wakakubali kula hasara kubwa kwanza. Gemu ndiyo inayouza mashine.

Sasa nenda banda lolote la gemu mtaa wa Ng'ambo, hapa mjini Unguja, jioni. PS2 (PlayStation 2) kuukuu, pedi ya kuchezea imezungushiwa utepe, aliyefungwa anampisha mwenzake. Haitaki akaunti wala bando, na diski watu wanaazimana. Hao ndio wachezaji wetu, na wanajua mpira wa kwenye gemu kuliko unavyodhani! Apple wakija na malipo ya kila mwezi kwa kadi ya benki, Unguja hii watanunua wachache mno.