Bomba la majitaka limefanya tumbo: nifukue au niache?

Swali: Fundi, habari za kazi. Choo cha nyumbani kimeziba mara mbili mwaka huu. Mafundi walipitisha kamera, wakasema bomba linalokwenda chemba ya nje limedidimia katikati, urefu wa mita mbili hivi, na maji yaliyotuama yanafika karibu nusu ya bomba. Mmoja anataka tufukue bomba lote. Mwenzake anasema tuweke bitana, yaani ngozi mpya ndani ya bomba hilohilo, hakuna haja ya kuchimba. Bomba ni la plastiki, milimita 100. Nimsikilize nani?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Kwa sasa usimsikilize yeyote. Hiyo video ilipigwa kabla ya bomba kusafishwa au baada? Kama ilipigwa siku choo kilipoziba, maji hayo huenda yamezuiwa na uchafu au mizizi iliyo mbele yake, na bomba lenyewe limelala sawasawa. Lisafishwe kwa maji ya presha hadi kwenye chemba, msitumie maji kwa muda ili mabaki yatoke, kisha kamera irudi. Maji yakiwa bado yametuama palepale, basi tumbo lipo kweli. Fundi aandike umbali ambapo kamera inazama na ambapo inaibuka. Maandishi hayo yatunze, utayahitaji.

Tumbo peke yake si ugonjwa. Maji yakiingia upande mmoja, yale yaliyotangulia hutoka upande wa pili. Kinachosumbua ni mwendo. Bomba la ukubwa huo hulazwa kwa mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita ili maji yabebe uchafu wake. Yakifika penye tumbo yanapoa mwendo, vizito vinatua, na mafuta ya jikoni yanaganda kwenye kuta. Maji yakifika robo ya bomba na nyumba haijawahi kuziba, mimi ningeliacha. Yakijaa hadi juu, hewa nayo inakosa njia: masinki yanagugumia na harufu inaweza kuanza kuingia ndani. Hapo sina la kujadili, ni kuchimba. Wewe uko katikati, ndiyo maana mafundi wako hawakubaliani.

Kinachoamua kesi kama yako ni viungio. Bomba halizami bila sababu: pengine mtaro haukushindiliwa, pengine magari mazito yanapita juu yake, au kiungio kinavuja na maji yanakokota udongo wa chini. Sababu ya kwanza mara nyingi huzaa tumbo linalotulia baada ya muda. Ya mwisho huzaa tumbo linalokua. Kwa hiyo kwenye video mpya tafuta kiungio kilichoachana, ufa au mizizi. Ukikiona kimojawapo ndani ya tumbo hilo, usingoje. Bomba lako ni la plastiki, na maji kutuama hayalili. Lingekuwa la chuma la zamani ningekuharakisha, kwa sababu kutu hula sehemu ya chini.

Bitana ni dawa nzuri ya nyufa na mizizi, lakini hufuata umbo la bomba ililowekwa ndani yake. Soksi hainyooshi mguu uliopinda. Anayekuuzia bitana kama tiba ya tumbo anakuuzia tumbo lilelile likiwa na ngozi mpya.

Kufukua bomba lote nako mara nyingi ni kupitiliza. Kwa kawaida hutolewa kipande kilichozama na kidogo kila upande, hadi mahali bomba lilipolala vizuri. Lakini pimeni kwanza tofauti ya kimo kati ya mwanzo wa bomba na chemba. Bomba la mita 10 linataka angalau sentimita 10 za kushuka. Kama hazipo, kubadili kipande hakutasaidia, na fundi wako wa kwanza atakuwa amesema kweli, hata kama hakukueleza sababu.

Kwako wewe: baada ya kusafisha, maji yakibaki nusu, ningechimba kipande hicho, kwani kuziba mara mbili ndani ya mwaka si bahati mbaya. Yakishuka hadi robo na viungio ni vizima, subiri. Wakati unasubiri, safisha kwa maji ya presha kabla halijaziba. Waya wa kuzibulia mara nyingi hutoboa tu njia katikati ya tope na kuliacha lingine palepale. Mafuta ya kupikia na vitambaa vya kufutia visiingie kwenye bomba. Baada ya mwaka rudisha kamera, ulinganishe na yale maandishi: tumbo likiwa limerefuka au maji yamepanda, chimba.

Siku ya kuchimba, mwambie fundi ashindilie sakafu ya mtaro, alaze bomba juu ya mchanga na aweke pimamaji kwenye kila kipande. Aache pia mdomo wa kuzibulia wenye kifuniko. Kamera ipite kabla ya kufukia na ipite tena baada ya kufukia, kwa sababu udongo unaomwagwa kwa pupa unaweza kulizamisha bomba jipya siku hiyohiyo.