Viazi vya Mirihi na mama wa Kisoro: namna nilivyojifunza kutoa maoni kuhusu filamu

Wiki mbili zilizopita nilipokea ujumbe wa kijana mmoja wa Arua, Uganda, akiniuliza kwa nini maoni yake kuhusu filamu hayamgusi msomaji yeyote, ilhali yeye hutazama kila filamu hadi mwisho na huandika kwa lugha safi. Alikuwa ameambatisha maandishi yake kuhusu The Martian, filamu ya mwaka 2015 iliyoongozwa na Ridley Scott, ambamo mwanaanga Mark Watney, anayeigizwa na Matt Damon, anaachwa peke yake kwenye sayari ya Mirihi na wenzake watano wanaoamini kwamba amekufa. Nilipoyasoma, uchungu wa zamani ulinirudia, kwa sababu mimi nami niliwahi kuandika karibu maneno yale yale kuhusu filamu hiyo hiyo.

Niliandika kurasa nne nikampelekea mhariri wa jarida moja, naye akazirudisha na mstari mmoja wa kalamu nyekundu: umesimulia hadithi, hujatoa maoni. Nilikaa muda mrefu bila kuandika. Mstari ule unaniuma hadi leo, si kwa kuwa mhariri alikosea, bali kwa kuwa alisema kweli na kuniacha njia panda.

Aliyenionyesha njia ni mkulima wa viazi. Mwezi uliopita, mwenye kibanda kimoja cha video mjini Kisoro alikubali nionyeshe filamu hiyo Jumamosi moja huku nikiitafsiri kwa Kiswahili, kwa kuwa wateja wake wengi hutoka upande wa Bunagana, mpakani na Kongo, na ndicho wanachoelewana nacho. Tulipofika pale Watney anapokata viazi vilivyowekwa kwa ajili ya sikukuu, akavipanda katika udongo wa Mirihi uliochanganywa na kinyesi cha wanaanga, mama mmoja aliyeketi benchi la mbele aliinua mkono.

"Mwalimu, simamisha hapo."

Alifungua mfuko wake, akatoa kiazi cha mbegu na kukiinua kwenye mwanga wa skrini ili sote tuvione vichipukizi vyake vifupi vya zambarau. "Kiazi kilichotoka kwenye baridi hakiamki siku hiyo hiyo, mwanangu, hulala kwanza. Lakini kukata kwake nakukubali, maana ameacha jicho katika kila kipande. Ila udongo huo haujawahi kuota hata magugu. Samadi peke yake itatosha?"

Swali lake lilinishangaza, kwa sababu wanasayansi nao wameliuliza. Mwaka 2008 chombo cha Phoenix kiligundua chumvi za perikloreti katika udongo wa Mirihi, ambazo ni sumu kwa binadamu na ambazo filamu haizitaji kabisa. Huyeyuka katika maji, kwa hiyo Watney angelazimika kuuosha udongo kwanza, na maji yenyewe alikuwa akiyatengeneza kwa shida kutokana na haidrazini, fueli ya roketi, tena kwa kulipuliwa mara moja. Mama hakujua neno perikloreti. Alijua udongo, na hilo lilitosha kuwafanya watu wote kibandani wageukie skrini upya.

Baada yake alizungumza afande mmoja mstaafu, ambaye hakujali viazi hata kidogo. Alitaka kujua kama Kamanda Lewis, kiongozi wa msafara wa Watney, alitenda haki kuondoka bila kuuona mwili wa askari wake, kisha kuwahatarisha wengine wanne kumrudia mtu mmoja. Mabishano hayo yaliendelea hadi nje ya kibanda.

Mimi nilikuwa nimejiandalia hoja yangu ya fahari: kwamba tufani inayoanzisha kisa haiwezekani, kwa sababu kanieneo ya angahewa ya Mirihi haifiki asilimia 1 ya ile ya Dunia, na upepo wake, hata ukivuma kwa kasi kubwa, hauna uzito wa kung'oa antena kama ile iliyompiga Watney. Andy Weir, mtunzi wa riwaya iliyozaa filamu hiyo, amekiri hivyo mwenyewe. Mvulana mmoja akaniuliza kwa upole, "Sasa bila tufani, Watney angeachwaje?" Nilikosa jibu, nikaona kwamba kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimeokota kosa bila kuuliza linafanya kazi gani katika kisa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji unayetamani kuandika kuhusu filamu, chagua tukio moja ulitazame kwa jicho la kazi yako. Usituambie kwamba filamu ni nzuri. Tuonyeshe ni wapi ulipotaka isimamishwe. Usituhadithie kisa, kwa maana tumekiona. Acha kuwaiga wakosoaji wa mbali, ukadharau maarifa ya mikono yako mwenyewe, kwa sababu msomaji huyatafuta hayo kwako na hatayapata kwa mwingine.

Nilimuuliza kijana wa Arua anafanya kazi gani. Akajibu kwamba anatengeneza simu. Katika maandishi yake alikuwa ameruka kabisa pale Watney anapofukua Pathfinder, chombo kilichotua Mirihi tarehe 4 Julai 1997 na kunyamaza kabla mwaka huo haujaisha, akakiwasha tena ili azungumze na Dunia kwa kamera yake. Nilimwambia arudi hapo. Juzi aya yake mpya ilinifikia, nayo inaanza hivi: "Fundi yeyote angeanza na betri." Nimemwomba aendelee.