Maswali yenu ya Kiingereza: kutoka kivumishi hadi kielezi

Shuleni tuliambiwa tuongeze -ly tu. Mbona mwanangu kapigiwa mkasi kwa kuandika happyly na truely? (Mzazi, Morogoro)

Mama, kanuni hiyo ni sahihi: quick huwa quickly, careful huwa carefully, tena kwa l mbili. Shida iko kwenye tahajia. Y iliyotanguliwa na konsonanti hugeuka i, ndiyo maana tunaandika happily. True hudondosha e: truly. Gentle huwa gently. Maneno ya -ic huchukua -ally, kama basically, isipokuwa public, ambayo huwa publicly.

Kwenye barua ya kuomba kazi niliandika "I work hardly". Rafiki anasema nimejiharibia. Ni kweli? (Kijana, Mombasa)

Ni kweli, ndugu yangu. Umemwambia mwajiri kwamba kazi hufanyi, au unaigusa tu. Hard ni kivumishi na papo hapo ni kielezi, kwa hiyo andika "I work hard". Hardly ina maana yake nyingine kabisa: kwa shida, karibu na hapana. Late nayo ni hivyo hivyo: "She came late", alichelewa, lately ni siku hizi za karibuni. Fast ni fast tu, fastly usiiandike.

Kielezi cha good ni well. Sasa kwa nini "The pilau smells good"? (Mwanafunzi, Tanga)

Swali zuri sana, na hapa Kiswahili chetu ndicho kinachotuponza. Tunasema pilau inanukia vizuri, najisikia vibaya, na ile vi- inatuvuta kwenye kielezi: "smells well", "I feel badly". Kwa Kiingereza, smell, taste, feel, look na seem zikieleza hali ya kitu hufuatwa na kivumishi: "smells good", "I feel bad". Lakini look ikiwa ni tendo la kutazama, kielezi kinarudi: "The doctor looked carefully at the wound."

Ukikwama, ondoa kitenzi uweke is. "The pilau is good" inasimama, basi tumia kivumishi. "The doctor is carefully" haisimami. Jaribio hili nawapa wanafunzi kabla ya kanuni yoyote, kwa sababu linawalazimisha kukiangalia kitenzi kwanza.

Friendly ni kielezi? (Msomaji, Bukoba)

Hapana, ni kivumishi, sawa na lovely na lonely. Ukitaka kueleza tendo, sema "He spoke in a friendly way".