Kabla ya Kulipia Mababu, Fungua Gazeti Rasmi

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: je, ungelipia tovuti ikutafutie mababu zako? Limenichoma. Naona watoto wetu walioko Minnesota, Marekani, na Reading, Uingereza, wakikatwa hela kila mwezi, na wanachoambulia ni vidokezo kuhusu wakulima wa Virginia waliokufa kabla reli haijafika Kibwezi. Kwa hiyo niruhusuni nijibu kwanza swali lililo nyuma ya hilo lenu: mtu ambaye babu yake alilima Kangema au Maragoli, asiache cheti cha kuzaliwa wala picha, aanze kumtafuta wapi?

Tovuti za kulipia zimesimama juu ya sensa, vitabu vya parokia na vyeti vya nchi ambazo ziliandika watu kwa majina tangu zamani. Sisi hatuna hazina hiyo mtandaoni. Sensa ya 1948 iliwahesabu Waafrika wa Kenya, lakini kilichochapishwa ni jumla za wilaya na makabila, si majina. Kipande, kile kitambulisho cha kazi cha enzi ya ukoloni, kilichukua jina la mwanamume, alama za vidole na mwajiri wake, lakini hutakiona kwa kubofya. Ndiyo maana nasema usilipe. Fungua Gazeti Rasmi la Serikali, hili hili ambalo mawakili hulisoma kila Ijumaa. Lilianza 1899, matoleo yake mengi yako Google Books na gazettes.africa, na kusoma ni bure.

Unachotafuta humo ni matangazo ya mirathi. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, ilipitishwa 1972 ikaanza kufanya kazi tarehe 1 Julai 1981. Anayetaka kusimamia mali ya marehemu hupeleka ombi mahakamani, ombi hutangazwa Gazetini, na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Tangazo lenyewe ni fupi ila limejaa: jina la marehemu pamoja na majina yake mengine, alikokuwa akiishi, mahali na tarehe aliyofia, majina ya waombaji, uhusiano wao naye, sanduku lao la posta, na nambari ya kesi. Hakuna tovuti ya kulipia ninayoijua itakayokupa hayo kuhusu mkulima wa Murang'a.

Kuna familia moja ya huko Murang'a ambayo utafutaji wao ningependa kila mtu aujue. Mjukuu aliye Marekani aliandika jina zima la babu kwenye kisanduku cha kutafutia, akakosa. Akaamini hayumo. Kumbe Gazeti limechapwa kwa safu mbili na herufi ndogo, na kompyuta inayosoma picha za kurasa hukata jina linapovuka mstari. Zaidi ya hapo, jina lilikuwa na ng', na alama ile huisumbua mashine: Wang'ombe mmoja hugeuka Wangombe, Wang ombe, hata Wang'omhe. Dawa ni kuacha jina kamili. Andika jina moja tu, lile lisilo la kawaida, pamoja na lokesheni, yaani eneo la chifu, ukiweka maneno ya Kiingereza ambayo tangazo haliyakosi: "late of" na "who died at". Jaribu pia jina la zamani la wilaya au la mji. Murang'a iliitwa Fort Hall, Nyahururu ikaitwa Thomson's Falls, Webuye ikaitwa Broderick Falls. Walipotafuta kwa jina la lokesheni, tangazo likajitokeza.

Babu alikufa 1979. Ombi liliwasilishwa Nyeri 1987. Pengo hilo liliwatia shaka kwamba huenda ni mtu mwingine, lakini halishangazi: kifungu cha 2(2) cha Sheria ya Urithi kinasema aliyekufa kabla ya sheria kuanza mali yake hugawanywa kwa sheria na mila za wakati ule, ila usimamizi wake hufuata sheria mpya. Familia nyingi zilikaa miaka kwenye shamba bila kwenda mahakamani, mpaka siku mtu alipotaka mkopo au kukata kipande auze. Kwa hiyo ukiujua mwaka wa kifo, usitafute mwaka huo peke yake. Endelea mbele miaka 10, 20, hata 30.

Tangazo lilikuwa ufunguo tu. Nambari ya kesi ndiyo iliyomwezesha binamu aliyebaki nyumbani kwenda kwenye masjala ya mahakama, akaandika barua ya kuomba kulisoma faili na kulipa ada yake. Ndani ya faili, karatasi ya kwanza ya kutafuta ni fomu P&A 5, kiapo kinachoorodhesha wajane na watoto waliobaki. Ya pili ni barua ya chifu. Linganisha hizo mbili kabla ya kunakili chochote. Kwa familia hii hazikufanana: barua ya chifu ilitaja nyumba tatu, yaani wake watatu na watoto wao, kiapo kikataja mbili. Na katika zote mbili hapakuwa na binti hata mmoja aliyeolewa. Hilo utalikuta kila mahali. Mabinti waliachwa kwa sababu ilidhaniwa hawarithi, nawe ukinakili kiapo kama kilivyo utakuwa umeurudia udhalimu ule kwa mkono wako.

Mabinti walikuja kupatikana kwingine. Miaka mingi baadaye wawili wao waliomba kibali cha kusimamia mali ile kifutwe chini ya kifungu cha 76 cha sheria hiyo, na uamuzi wa jaji uko kwenye tovuti ya Kenya Law. Hukumu za namna hiyo huanza kwa maneno "In re Estate of" kisha jina la marehemu, na humo jaji hueleza nani alikuwa mke wa kwanza, nani aliolewa lini, nani alizaa nani, nani alikufa bila mtoto. Orodha kamili ya watoto wa nyumba zote tatu ilitoka humo, imeandikwa na jaji baada ya kuwasikia mashahidi wa pande zote. Hata jina la mke wa tatu, ambalo hakuna mzee aliyekubali kulitaja, lilikuwa katika aya ya pili.

Halafu umri. Cheti cha kifo ndani ya faili kilisema takriban miaka 70, maana yake alizaliwa karibu 1909. Lakini wazee walimweka katika riika, yaani kundi la waliotahiriwa pamoja, la Fote, waliotahiriwa mnamo 1940. Mtu wa 1909 asingengoja mpaka apitishe miaka 30. Hapo mimi naliamini riika na kukiacha cheti, kwa kuwa umri kwenye cheti ulikisiwa na mwombolezaji mbele ya karani, ilhali riika lilijulikana na kila mwanamume wa rika lake. Andika "karibu 1922" na ueleze kwa nini. Usiandike Januari 1. Tarehe hiyo hutumika pale ambapo siku haikujulikana, na nyaraka zetu zimejaa watu waliozaliwa Januari 1. Kwa Wakalenjin uwe mwangalifu zaidi, kwa sababu majina ya ibinda, yaani marika yao, huzunguka na kurudi baada ya zaidi ya miaka 100, hivyo Sawe wa simulizi anaweza kuwa wa mzunguko uliopita.

Kosa lililowachosha zaidi lilikuja baadaye, walipoingiza ukoo kwenye FamilySearch. Tovuti hiyo ni bure, lakini mti wake ni mmoja kwa dunia nzima na mtu yeyote anaweza kuwahariri waliokufa. Kwa kuwa Wakikuyu humpa mwana wa kwanza jina la babu mzaa baba, Mwangi wa Kamau humzaa Kamau wa Mwangi, ambaye naye humzaa Mwangi wa Kamau mwingine. Mgeni mwenye nia njema aliwaona wawili wa jina moja, akawaunganisha. Babu na mjukuu wakawa mtu mmoja, babu yake mwenyewe. Zuia hilo mapema: mwekee kila mmoja lokesheni, riika na jina la mke, na kwenye maelezo uandike kwamba ni babu na mjukuu.

Matangazo mengine nayapitia haraka. Hatimiliki ikipotea, msajili wa ardhi hutangaza jina la mwenye shamba na namba yake, na hapo ndipo utajua babu alikuwa na ardhi wilaya ambayo hamkuitarajia. Tangazo la kubadili jina hukuonyesha jina la zamani na jipya pamoja. Chukua majina na tarehe, ila namba za vitambulisho na za mashamba ya watu walio hai usizipandishe kwenye mti wowote. Matapeli wa ardhi wanajua kusoma.

Sasa, nikiyaangalia niliyoandika, nakiri Gazeti lina upofu wake. Linamwona aliyeacha shamba au akaunti. Maskwota wa mashamba ya walowezi, wafugaji waliotumia ardhi ya pamoja, mabibi zetu ambao hakuna kilichoandikwa kwa jina lao, hawa hawamo au wamo wachache mno. Waislamu nao, kwa kifungu cha 2(3), mirathi yao hufuata sheria ya Kiislamu na mara nyingi huishia kwa Kadhi, hivyo familia nyingi za Lamu na Mombasa hazitajikuta humo.

Na kuna watu ambao ningewaambia walipe. Kama babu au bibi yako alipanda meli Mombasa kwenda kusoma Uingereza, au familia yako ilipitia bandari za huko, orodha za abiria walioingia Uingereza kutoka nje ya Ulaya, 1878 hadi 1960, ziko kwenye tovuti ya kulipia ya Ancestry, na za waliotoka, 1890 hadi 1960, ziko kwenye nyingine, Findmypast. Humo hupatikana jina, umri, kazi, bandari aliyopandia, na mara nyingi anwani aliyokuwa akielekea London.

Kwa hiyo, baada ya kusema usilipe, jibu langu ni ndiyo, ningelipa: mwezi mmoja, kwa tovuti moja, kwa mtu aliyesafiri kwa meli kabla ya 1960, na baada ya Gazeti na Kenya Law kuchambuliwa kwanza. Kipimo cha vinasaba nisingekilipia kwa ajili ya ukoo wa Kenya kwa sasa, kwani kinakutambulisha tu kwa jamaa ambao nao wamepima, na wengi wetu hatujapima. Ukilipa, zima malipo ya kujirudia siku ile ile unayojiunga, kisha pakua picha ya ukurasa mzima wa orodha, wala si mstari wa jina peke yake. Wanafunzi waliosafiri pamoja huorodheshwa jirani, na mmoja wao huenda ndiye shemeji ambaye familia imekuwa ikimuulizia.