Kitufe cha kuongeza muda: somo nililolipia kwa majoho 24

Juma lililopita msomaji mmoja wa Kasarani aliniandikia hivi: "Dada, nimenunua mashine ya kufulia, ile ya mlango wa mbele. Nikibonyeza kitufe chenye alama ya saa, muda unaruka kutoka dakika 90 hadi 130. Si itanimalizia maji na tokeni za umeme?"

Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili nikashindwa, kwa sababu hofu hiyohiyo ndiyo iliyonipokonya wateja wangu wakubwa wa kwanza.

Nilifungua dobi yangu hapa Umoja, Nairobi, kwa mashine moja ya mtumba, ya kilo 8. Habari za mtaji na leseni nitaziandika siku nyingine. Najua wengi mnaonisoma mnataka kufungua ya kwenu, tutafika huko. Mwezi wa pili hivi, kwaya ya kanisa moja la karibu ikaniletea majoho meupe 24. Ilikuwa Jumamosi saa nane mchana, na yalitakiwa Jumapili asubuhi. Nilifurahi kupita kiasi. Kazi ya aina hiyo ndiyo niliyokuwa nikiiombea: inarudi kila mwezi, na watu hao wakipendeza mbele ya kanisa zima, lazima mtu atauliza wamefuliwa wapi.

Nikayagawa nane nane. Kwa hofu hiyohiyo ya dakika, nikachagua programu ya dakika 30, nikamwaga sabuni ya unga ileile tunayofulia kwa mikono, na kabla ya magharibi nilikuwa nimeanza kupiga pasi. Yalinukia vizuri. Kola sikuzikagua.

Jumatatu mwalimu wa kwaya alirudi na joho moja mkononi. Akaligeuza kola nje. Palikuwa na mstari wa rangi ya chai, upana wa kidole, umezunguka shingo yote. Kisha akakwaruza mshono wa bega kwa ukucha, ukatoka unga mweupe: sabuni iliyogandia humo. Akaniuliza mbele ya wateja wawili, "Dada, haya uliyafua au uliyalowesha tu?"

Sikuwa na jibu. Nikailaumu sabuni, nikamlaumu aliyeniuzia mashine. Kwaya ile haijarudi mpaka leo, na kila Alhamisi hupita mbele ya mlango wangu wakienda mazoezini. Bado inaniuma.

Usiku ule nilivuta kigoda nikaketi mbele ya kioo cha mashine, nikaitazama ikifua mwanzo hadi mwisho. Kumbe nilikuwa sijawahi. Mashine ya mlango wa mbele haijazi maji kama beseni. Yanakaa machache tu chini, na dramu inazibeba nguo hadi juu kisha inaziachia zianguke, pwaa, ndani ya maji yale yenye sabuni. Huko kuanguka ndiko kufikicha kwake. Inazunguka upande mmoja sekunde chache, inatulia, inageukia upande wa pili. Mama fua huitazama kola na kuifikicha mpaka itakate. Mashine haioni kola. Inajua muda uliopewa, basi. Mimi niliipa dakika 30, na ndani ya hizo itoe pia muda wa kusuuza na kukamua. Kufua kwenyewe kulibakiwa na dakika ngapi? Programu zile fupi zimewekewa nguo chache zilizovaliwa mara moja, zenye jasho jepesi, nami nikazipa majoho manane ya waimbaji.

Kitufe cha kuongeza muda, kwenye mashine nyingi, kinarefusha hatua hiyo ya kufua. Nguo zinaanguka mara nyingi zaidi katika maji yaleyale. Hilo nililipima mwenyewe, maana maji ya mfereji kwetu ni ya mgao na sichezi nayo. Nikaelekeza bomba la maji machafu kwenye pipa, kisha nikayachota kwa ndoo ya lita 20. Bila kubonyeza kitufe: ndoo mbili na nusu na kidogo. Nikafua mzigo kama ule, mara hii na kitufe: ndoo mbili na nusu na kidogo. Nikajaribu kitufe kingine, cha kuongeza suuzo, chenye alama ya bakuli linalomwagiwa maji, na pipa likazidi kwa zaidi ya nusu ndoo. Kwa hiyo ndugu wa Kasarani, kinachokula maji yako ni hicho cha suuzo. Ukikihitaji kitumie, hasa kwa nguo za mtoto mchanga au mtu ambaye sabuni humwasha, lakini usikichanganye na cha muda.

Na tokeni? Kinachomaliza uniti ni hita, ile inayopasha maji moto. Hita ya wati 2,000 ikiwaka nusu saa imekula uniti nzima. Mota ya kuzungusha dramu inakula kidogo sana ukilinganisha na hapo. Ukifua kwa nyuzi joto 40 na kuongeza muda, kwa kawaida utalipa kidogo kuliko aliyepandisha hadi 60 akaacha muda ulivyo. Mkemia Mjerumani Herbert Sinner alilieleza jambo hili mwaka 1959: usafi unatokana na sabuni, msuguano, joto na muda, na ukipunguza kimoja sharti uongeze kingine. Mimi nilipunguza muda na sikuongeza chochote ila sabuni, tena sabuni isiyofaa. Ile ya kufulia kwa mikono inatoa povu jingi, na povu likijaa nguo zinaangukia juu yake kama godoro, hazifikichiki. Tumia ya mashine.

Jambo jingine. Sabuni nyingi za mashine zina vimeng'enya, vinavyovunja madoa ya jasho, damu na chakula. Vinafanya kazi polepole, vikiwa kwenye maji ya uvuguvugu. Ndiyo maana nguo yenye damu siianzishi kwa maji moto, nailoweka kwanza kwa baridi. Damu ikipata moto inashika. Ukitaka mashine ikufanyie hatua ya awali, weka sabuni pia kwenye chumba cha droo chenye alama ya I. Chumba cha II ni cha kufua kwenyewe, na chenye ua ni cha manukato na kulainisha.

Kuna nguo ambazo sizirefushii muda: sufu, hariri, na kitenge kipya ambacho hakijaacha kuchuja rangi. Na ukichagua programu ya haraka kisha ukabonyeza kitufe cha muda, mashine nyingi zitakukatalia, taa itapepesa tu. Usimwite fundi.

Wapendwa, acheni kuogopa dakika. Tunamwachia mama fua asubuhi nzima kwa sababu tunajua kazi safi inataka muda, halafu tukinunua mashine tunaidai muujiza wa nusu saa. Mwezi wa saba, maji ya tangi la juu yanaposhuka baridi kweli, hita inachukua muda mrefu zaidi na ule muda ulioandikwa unasogezwa mbele. Acha usogezwe. Anza kazi ya mteja mapema, mwambie ukweli kwamba itakuwa tayari kesho, na asiyeweza kungoja mwache aende.

Joho moja la kwaya lilibaki kwangu, lile alilokuja nalo mwalimu, kwa sababu aliondoka kwa hasira akaliacha mezani. Nililifua tena kwa nyuzi 40, muda mrefu, suuzo moja la ziada. Kola imetakata. Nimelipiga pasi, liko kwenye hanga nyuma ya mlango. Mwalimu, ukisoma hapa, njoo ulichukue. Hakuna malipo.