Filamu ya Kenya ya Kiingereza na Oscar ya filamu za kimataifa

Je, filamu ya Kenya iliyo kwa Kiingereza inaweza kushindania Oscar, tuzo ya filamu ya Marekani, katika kipengele cha filamu za kimataifa? Hapana, haiwezi kuingia kipengele hicho. Kanuni ya Oscar inataka zaidi ya nusu ya mazungumzo yawe kwa lugha isiyo Kiingereza, hata kama Kiingereza ni lugha rasmi ya nchi iliyoileta. Ndiyo iliyoiondoa filamu ya Lionheart ya Nigeria mwaka 2019: dakika kama 11 tu za Kiigbo, zilizobaki Kiingereza, filamu nzima ikiwa na dakika takriban 95. Mwaka huohuo jina la kipengele lilikuwa limebadilishwa kutoka "lugha ya kigeni" kuwa "kimataifa", na wengi wakadhani sharti la lugha limefutwa. Halikufutwa, na naona linaziumiza sana nchi zetu, maana ofisini na mahakamani watu kweli huchanganya Kiingereza.

Kwa hiyo hesabu mazungumzo kwenye skripti kabla ya kupiga picha, onyesho kwa onyesho. Kinachopimwa ni maneno yanayosemwa, wala si jina la filamu au nyimbo za nyuma. Kiswahili, Kikuyu na Kidholuo vyote vinahesabika pamoja. Tangu 2006 lugha haihitaji hata kuwa ya nchi husika; Canada iliteuliwa kwa filamu ya Water, iliyo kwa Kihindi. Manukuu ya Kiingereza (maandishi ya tafsiri chini ya picha) ni lazima, na filamu hupelekwa na kamati ya nchi, moja tu kwa mwaka.

Ikiwa ni ya Kiingereza tupu, bado inaweza kushindania vipengele vya kawaida, ila lazima kwanza ioneshwe kwenye sinema za Marekani kwa masharti yao.