Akaunti ya benki kwa biashara changa: anza na mzunguko wa fedha zako

Kabla hujakanyaga benki yoyote, chukua karatasi uandike fedha za biashara yako zitaingiaje na zitatokaje kwa mwezi mmoja. Wateja watalipa taslimu, kwa kadi, kwa simu au kwa kuhamisha? Mara ngapi? Wauzaji wa kulipwa ni wangapi, na pango linalipwa tarehe ngapi? Mwenye duka anayepeleka taslimu kila jioni na fundi anayelipwa mara tatu kwa mwezi hawafai kuwa na akaunti ya aina moja, hata tangazo liseme nini.

Karatasi hiyo ikishakamilika, omba orodha kamili ya tozo, si kipeperushi, kisha piga hesabu kwa sarafu unayotumia. Tuseme benki ya kwanza inatoza 10 kwa mwezi, inakupa miamala 20 ya bure, na kila wa ziada ni 0.5, lakini haitozi kuweka taslimu. Ya pili haina ada ya mwezi, kila muamala ni 0.4, na kuweka taslimu ni asilimia 1. Ukiwa na miamala 60 kwa mwezi, ya kwanza itakugharimu 30 na ya pili 24. Hapo wengi husaini. Sasa ongeza taslimu za 2,000 unazoweka kila mwezi: ya kwanza inabaki 30, ya pili inapanda hadi 44. Fundi wetu mwenye miamala mitano na asiyeshika taslimu angelipa 10 kwa ya kwanza na 2 tu kwa ya pili.

Ukiambiwa ada ya mwezi inasamehewa, uliza sharti lake. Mara nyingi ni kutoshuka chini ya salio fulani, na hapo kuna swali ambalo watu hulisahau: wanaangalia wastani wa mwezi au salio la kila siku? Kama ni la kila siku, siku moja tu ya kununua mali kwa wingi inatosha kukutoza ada ya mwezi mzima. Biashara changa huishiwa salio mara kwa mara, kwa hiyo sharti la namna hiyo ningelikwepa.

Jambo linaloumiza zaidi kuliko ada ni muda wa fedha kupatikana. Unaweka hundi Ijumaa, salio linapanda, Jumatatu unamlipa muuzaji, na malipo yanakataliwa kwa sababu hundi bado haijapita. Unatozwa kwa malipo yaliyokataliwa, na muuzaji naye anaanza kukutilia shaka. Salio linaloonekana na salio unaloweza kutumia ni vitu viwili. Uliza hundi huchukua siku ngapi za kazi, mauzo ya kadi yanaingia baada ya siku ngapi, na wikendi inahesabiwaje. Uliza pia kiwango cha juu cha kuhamisha kwa siku. Ni vibaya kukigundua siku ya mishahara.

Kutumia akaunti yako binafsi kunaonekana rahisi, lakini benki nyingi huzuia hilo katika masharti yao, na hundi iliyoandikwa kwa jina la biashara inaweza kurudishwa. Mwisho wa mwaka utakuta karo ya mtoto imechanganyika na ununuzi wa mali, na kuzitenganisha ni kazi ya siku nyingi. Kwa kampuni hakuna mjadala: kisheria ni mtu mwingine, na fedha zake si zako.

Kama mko washirika, someni kwa makini sehemu ya saini kwenye fomu. "Yeyote kati yao" maana yake mmoja anaweza kumaliza salio lote peke yake. "Wote kwa pamoja" maana yake mmoja akisafiri au akiugua, malipo yanasimama. Watia saini watatu, wawili wakitosha, ni mpango unaovumilia zaidi. Hakikisheni benki ya mtandaoni nayo inafuata utaratibu huo, mmoja akiandaa malipo na mwingine akiyaidhinisha, kwa kuwa vifurushi vya bei nafuu wakati mwingine havina huduma hiyo.

Nyaraka huchelewesha zaidi kwa sababu ya majina. Jina kwenye cheti cha usajili, leseni na namba ya mlipakodi lilingane herufi kwa herufi. Eleza shughuli yako kwa ukweli na makadirio ya mauzo yanayoaminika: ukijiandikisha kama muuza vitabu kisha zikaanza kuingia fedha nyingi kutoka nje ya nchi, benki inaweza kusimamisha akaunti hadi ujieleze.

Jaribu pia kupakua taarifa ya akaunti katika umbo la lahajedwali (kama la Excel), kwa kuwa iliyo katika umbo la picha itakulazimu kuandika kila mstari upya. Na kama nchi yako ina bima ya amana, yaani kinga ya fedha za wateja benki ikifilisika, soma kikomo chake: kwa kawaida huhesabiwa kwa mwenye amana katika benki moja, kwa hiyo kufungua akaunti tatu benki ileile hakuongezi kinga.

Siku ukiamua kuhama, usifunge akaunti ya zamani mara moja. Iache miezi miwili au mitatu ikiwa na salio dogo, kwa sababu daima kuna mteja mmoja aliyehifadhi namba ya zamani, na malipo fulani ya kila mwezi uliyosahau kuyahamisha.